Tuliosoma kwa Masista bila Kubatizwa

Mwishoni mwa mwaka 1965 jina langu lilitoka. Bagamoyo nzima ilijua maana ya maneno hayo: mtoto amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Kwa binti wa fundi cherehani ilikuwa habari ya kupikiwa pilau. Nyumbani kwetu ilizaa kikao, kwa sababu shule niliyopangiwa ilikuwa ya bweni, mbali, kwenye njia ya Reli ya Kati, na wenyewe walikuwa masista wa Kikatoliki.

Sasa nimeshapita miaka sabini, na wazazi wa rika la wanangu huja kuniuliza swali lililotukalisha barazani siku zile. Waislamu huniuliza, Walutheri huniuliza, hata Wapentekoste: mtoto wetu amepata nafasi kwa Wakatoliki, tumpeleke? Wananijia kwa kuwa wanajua nilisoma huko nikatoka na dini yangu. Nawajibu kwa kuwasimulia niliyoyaona, kwa sababu niliishi katika shule ile ikiwa mikononi mwa masista, nikaishi humo tena ikiwa mikononi mwa serikali.

Kwanza lazima mtu aelewe jinsi nafasi zilivyokuwa adimu. Mwalimu Nyerere aliziandika hesabu katika Elimu ya Kujitegemea, Machi 1967: tulipopata uhuru mwaka 1961, wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na waliokuwa kidato cha sita walikuwa 176 tu. Wasichana walikuwa sehemu ndogo ya hao. Ada za sekondari zilikuwa zimefutwa mwaka 1964, kwa hiyo baba hakuweza kusingizia fedha. Wala hakukuwa na shule nyingine ya kunihamishia. Kuikataa nafasi ile kulikuwa na maana moja: nikae ndani, ningoje mposaji.

Bibi yangu alisema nikae. Alikuwa na sababu zake, na wala hazikuwa za ujinga. Misheni ya Bagamoyo iko upande wa kaskazini mwa mji, na Mapadri wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwaka 1868. Watu wao wa mwanzo walikuwa waliokombolewa utumwani, wengi wao watoto walionunuliwa katika soko la Zanzibar. Walipewa mahali pa kulala, mashamba, kazi za mikono, wake na waume, na majina mapya. Mji uliwatazama kwa jicho baya, kama watu wasio na ukoo. Bibi alizaliwa katika fikra hizo. Kwake yeye, kupeleka mtoto misheni kulikuwa ni kutangaza kwamba mtoto huyo hana kwao.

Dharau ile haikuwa haki, na Bagamoyo yenyewe ilikuwa na ushahidi wa kuivunja. Sheikh Yahya bin Abdallah, tuliyemwita Sheikh Ramiya, aliletwa pwani akiwa mtumwa mdogo kutoka Manyema, akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria, na waungwana wenyewe wakaja kumbusu mkono. Mji ulijua kwamba mtoto asiye na kwao anaweza kuwa mtu mkubwa. Ulitaka tu awe mkubwa upande wake.

Lakini bibi alikuwa na sababu ya pili, nayo ilikuwa ya ndani zaidi. Baba yangu mkubwa, mwanawe wa kwanza, alisoma shule ya misheni katika miaka ya 1930. Alikuwa na akili sana. Akafika darasa ambalo huko alikosoma hakuna aliyelivuka bila kubatizwa, naye akabatizwa, akaendelea, akapata ukarani. Bibi hakulitamka lile jina jipya hata siku moja. Nilikuwa mdogo baba mkubwa alipofariki, lakini nakumbuka watu wa kanisani wakiwa wamesimama upande mmoja wa mlango na watu wa msikitini upande wa pili, kila kundi likidai maiti ni yake. Alizikwa mara moja, akaliliwa katika nyumba mbili zisizosalimiana. Bibi alipoambiwa kwamba mjukuu wake amechaguliwa kwenda kwa masista, alisema, "Mmoja walishamchukua. Wa pili nampeleka mwenyewe kwa miguu yangu?"

Aliyempa baba ujasiri alikuwa mwalimu wangu wa chuo, yule yule aliyenihitimisha msahafu. Tulidhani atakuwa wa kwanza kukataza. Alikuja baada ya swala ya alasiri, akapokea kahawa, akasimulia habari za masahaba waliokimbilia Habash kutoka Makka. Waliishi chini ya Najashi, mfalme Mkristo, akawalinda, wakaswali katika nchi yake, na hakuwadai dini yao iwe malipo ya ulinzi. "Kwa hiyo usiulize kama wao ni Wakristo," akamwambia baba. "Hilo tunalijua. Uliza watamdai nini."

Baba akaandika barua. Aliiandika kwa Kiswahili, kwa mwandiko wake wa kulala upande, akauliza mambo matatu: je, binti yangu atabatizwa? Nyama inachinjwa na nani? Ataruhusiwa kuswali? Jibu lilifika kabla shule hazijafunguliwa. Sista Mkuu alisema kwamba nitahudhuria somo la Biblia na nitakaa kanisani Jumapili pamoja na wenzangu, kwa kuwa hiyo ndiyo kanuni kwa wote. Hakuna msichana anayebatizwa bila barua ya wazazi. Kuswali, ndiyo, ila watafute mahali. Kuhusu nyama, alikiri kwamba hakulielewa swali, lakini ataulizia. Baba aliisoma barua ile mara kadhaa, akasema kwamba mtu anayekubali kuwa hajui anaweza kufundishika. Nikaenda.

Nilifika shuleni katika siku za mwisho za Ramadhani, Januari 1966, nikiwa na funga yangu. Waislamu tulikuwa wachache, kila bweni mmoja au wawili. Chakula cha jioni kiliwekwa mezani kabla ya magharibi, na ilikuwa marufuku kutoa sahani nje ya bwalo. Jioni ya kwanza tulikitazama chakula kikipoa, kisha kikaondolewa. Kesho yake Sista Mkuu akatuita, akasikiliza, akaagiza sahani zetu zifunikwe jikoni mpaka jua lizame. Kwa daku tulipata ugali wa baridi na maharage. Idi ilitukuta huko huko, na hakuna aliyejua kuwa ni sikukuu isipokuwa sisi na mpishi.

Mpishi yule alikuwa Mwislamu wa mjini pale, na kupitia kwake ndipo lile swali la nyama lilipojibiwa. Kumbe ng'ombe wa shule walichinjwa na kibarua yeyote aliyekuwa zamu. Sista alipoeleweshwa, alimpa mpishi kazi ya kuchinja. Basi, ikaisha. Wasichana mia na zaidi waliendelea kula nyama ile ile, katika mchuzi ule ule, na hakuna Mkatoliki aliyepungukiwa na chochote. Nimelifikiria jambo hilo maisha yangu yote. Mengi yanayoonekana milima kwa wachache ni mepesi sana kwa wengi, ila lazima awepo mtu wa kuuliza na awepo mtu wa kusikiliza.

Jumapili tulikaa viti vya nyuma kanisani. Nilipofika, sehemu kubwa ya misa ilikuwa bado kwa Kilatini. Wenzangu Wakatoliki walikariri maneno wasiyoyaelewa, nami nilikuwa nimekariri juzuu za Kiarabu kwa namna hiyo hiyo, kwa hiyo sikuona ajabu. Kabla sijamaliza kidato cha nne, misa ilikuwa imeshakuwa ya Kiswahili na ngoma zilikuwa zinapigwa. Nililiona Kanisa lenyewe likibadilika mbele ya macho yangu.

Baadaye nilijua kwa nini. Tarehe 28 Oktoba 1965, miezi michache tu kabla sijapanda treni, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulipitisha matamko mawili siku moja. Moja, Nostra Aetate, liliwataja Waislamu kwa heshima, kama watu wanaomwabudu Mungu mmoja. La pili lilihusu elimu, na ndani yake maaskofu walisema kwamba Kanisa linazithamini pia shule zake zinazosomesha wasio Wakatoliki. Sista Mkuu aliyasoma, na katika mazungumzo aliyarejea mara nyingi. Walimu wengine pale hawakuwa wameyasoma, au waliyasoma wakayaweka kando. Kwa hiyo katika shule moja, mwaka mmoja, chini ya paa moja, tuliishi na nyakati mbili za Kanisa.

Mtu anayedhani kwamba suala hili ni la Waislamu peke yao angezungumza na rafiki yangu wa bweni, Mlutheri kutoka Machame. Sisi Waislamu tulitambuliwa kuwa watu wa dini nyingine, na mipaka ilieleweka. Yeye alihesabiwa kuwa ndugu aliyepotea. Alijua nyimbo, alijua sala, lakini wakati wa komunyo alibaki kwenye kiti pamoja na mimi. Somo la historia lilipofika kwa Martin Luther, alisikia babu wa imani yake akisimuliwa kama mtu mwenye kiburi aliyelirarua Kanisa, na darasa zima likageuka kumtazama. Alilia usiku ule. Aliniambia kwamba angependa waseme yeye si wao kabisa, kuliko kumwambia kila siku kwamba amebakiza hatua moja. Alikuwepo pia binti wa duka, Mhindi, aliyekuja kwa sababu ubaguzi wa rangi katika shule ulikuwa umekomeshwa baada ya uhuru. Hakula nyama ya aina yoyote. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Alikula ugali na mboga za majani kwa miaka minne, na kila mtu akadhani anachagua chakula.

Yalikuwepo mazito zaidi. Kiranja mkuu ndiye aliyeongoza rozari jioni, na kwa kanuni hiyo moja, asiye Mkatoliki hakuweza kuwa kiranja mkuu hata awe na sifa gani. Hakuna aliyetamka kwamba tumezuiwa. Ratiba ilizuia yenyewe. Na alikuwepo mwalimu mmoja ambaye hakumlazimisha mtu, ila alipenda kutaja, wakati wa kuzungumzia vyuo na kazi, kwamba waliobatizwa hupata barua nzuri zaidi kutoka kwa paroko. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulioogopesha.

Mwenzetu mmoja Mwislamu alibatizwa alipokuwa kidato cha tatu. Wazazi wake waliandika barua. Bwenini watu walimgawana: wengine walisema amenunuliwa, wengine walisema ameiona nuru. Mimi nililala kitanda cha jirani yake, nikamsikia akisali usiku wakati hakuna wa kumwona, na naamini alikuwa mkweli. Lakini hakuna aliyeweza kumwamini, kwa sababu faida ilikuwa imetundikwa pale pale, kila mtu akiiona. Hilo ndilo jambo kubwa nililojifunza katika shule ile, na nalisema kwa Wakatoliki kwa mapenzi: dini ikiwa ndiyo bei ya elimu, anayekataa anaumia, lakini anayekubali kwa moyo wake wote anaumia zaidi. Ananyang'anywa haki ya kuaminika. Baba yangu mkubwa aliishi miaka yake yote chini ya shaka hiyo, na mpaka leo hakuna kati yetu anayejua alichokiamini.

Mwalimu Nyerere alilijua jambo hilo. Katika kitabu kile kile cha 1967 aliandika kwamba mtoto wa Tanzania sasa anaweza kuingia shule yoyote ya serikali au inayosaidiwa na serikali bila kujali rangi wala dini yake, na bila hofu ya kufanywa muumini kama malipo ya kujifunza. Nilipoisoma sehemu hiyo nilishangaa jinsi ilivyofanana na maneno ya mwalimu wangu wa chuo. Na mwandishi wake alikuwa Mkatoliki, aliyewahi kufundisha St. Mary's ya Tabora na St. Francis ya Pugu.

Kisha ikaja Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Tulipofungua shule mwaka 1970, mimi nikiwa kidato cha tano pale pale, shule ilikuwa ya serikali. Rozari ikatoka kwenye ratiba. Kiranja mkuu mpya alikuwa Mlutheri. Hakuna aliyelazimika kwenda kanisani. Tulishangilia, na tulikuwa na haki ya kushangilia. Mtoto wa Kiislamu ambaye nafasi za shule za misheni zilikuwa zimempita tangu enzi za wakoloni, sasa aliingia kama mwenye nyumba. Sitawasahau wala sitawabeza waliolifanya hilo.

Lakini naeleza nilichokiona, na niliona jambo jingine pia. Kipindi cha dini kiligawanywa: kila mmoja kwa dini yake, saa moja. Padri alikuja kwa Wakatoliki. Mwinjilisti alikuja kwa Walutheri na Waanglikana. Kwetu hakuja mtu. Zamani, Sista Mkuu alikuwa amemtafuta mwalimu wa madrasa kutoka mjini, akaja Ijumaa mchana, na nauli yake ilitoka katika fedha za masista wenyewe. Ofisi mpya haikuwa na fungu la nauli hiyo. Hakuna aliyetufukuza, hakuna aliyetudharau. Haki yetu ilikuwa imeandikwa kwenye ratiba, na chumba kilikuwa kitupu. Jumuiya ya Ustawi wa Waislamu wa Afrika Mashariki, ambayo labda tungeiandikia, ilikuwa imepigwa marufuku mwaka 1968. Nikaanza kuwasomesha wadogo zangu Yasin na yale niliyoyajua, kwa kuwa nilikuwa na msahafu.

Kwa hiyo mimi siwezi kusema, kama wasemavyo baadhi ya wenzangu, kwamba kabla ya 1970 palikuwa giza na baada yake mwanga. Wala siwezi kusema, kama wasemavyo wengine, kwamba masista ndio waliojua kulea na serikali ikaharibu. Sheria iliondoa bei, na sista yeyote mwema asingeweza kuiondoa peke yake, maana wema wa mtu huhama naye akihamishwa. Lakini sheria haikupika daku. Kumkaribisha mtoto wa dini nyingine kunataka vyote viwili: kanuni inayomlinda hata siku ambayo hakuna mtu mwema kazini, na mtu anayeuliza kuhusu nyama.

Tangu miaka ya mwisho ya 1980 Kanisa limejenga tena shule zake. Wabenedikto walianzisha St. Mary's Mazinde Juu kule Lushoto mwaka 1989, Wajesuiti wakafungua Loyola Dar es Salaam katika miaka ya 1990, na majimbo mengi yakafuata. Safari hii wazazi wanalipa, tena pesa nyingi, nao wanagombea nafasi kwa sababu ya matokeo na nidhamu. Waislamu nao wamejenga zao, na Wakristo wengine huwapeleka watoto huko. Hakuna anayeshurutishwa na uhaba kama tulivyoshurutishwa sisi. Mzazi ana chaguo, na mwenye chaguo ana wajibu wa kuuliza.

Namwambia kila anayekuja kwangu aandike barua kama ya baba, kabla ya kulipa shilingi. Je, mtoto wangu akikaa nje ya sala, atakaa wapi na nani, na je, itaandikwa kwenye ripoti yake? Atavaa mtandio, au hapana? Ramadhani ikiangukia mitihani, kama ilivyotuangukia mwaka 1969, atafuturu saa ngapi? Uongozi wa wanafunzi uko wazi kwa wote? Wanafundishaje habari za Luther, na habari za Mtume? Akitaka kubatizwa, nani ataulizwa? Shule ikijibu kwa uwazi, hata jibu likiwa gumu, nawaambia wamwamini mwenye shule. Ikijibu kwamba hapa wote ni sawa, msiwe na wasiwasi, nawaambia waulize tena, kwa sababu huko nyuma nimeshaona chumba kitupu ndani ya usawa.

Na wenye shule nawaambia hivi. Sikuwahi kuudhiwa na msalaba ukutani. Masista walikuwa na imani yao, walifunga, waliamka usiku kusali, na kwa sababu hiyo walielewa kwa nini mtoto wa miaka kumi na minne anakataa maji ya kunywa wakati wa jua kali. Msiifiche imani yenu ili kutupendeza. Iwekeni wazi, kisha muandike, kwa wino na kwa sahihi, kwamba hakuna mtoto atakayeilipa kama ada. Mkiandika hivyo na mkatenda hivyo, leteni fomu. Wajukuu zangu nitawaleta mwenyewe.